Tone Moja Katika Wino Mweusi: Safari Yangu ya Kwanza Bariadi

Nilikwenda Simiyu kwa sababu ya kipimo kimoja. Daktari mmoja wa Mwanza, mtu aliyezeeka akizunguka wodi, aliniambia kwamba nikitaka kuielewa homa ya uti wa mgongo inayoletwa na fangasi nisianzie kwake. "Sisi tunaletewa mgonjwa akiwa ameshachelewa," alisema. "Nenda kichwa kinakoanza kuuma." Akampigia simu mwenzake wa Bariadi, na kesho yake alfajiri nikawa stendi ya Nyamhongolo na begi langu.

Mimi ni mtu wa Tanga. Usukuma niliujua kwa pamba na kwa sifa za ngoma za Bagika na Bagalu, basi. Baada ya Kisesa nchi ikaanza kufunguka. Karibu na Magu tulivuka mto Simiyu, ambao mkoa ulichukua jina lake ulipoanzishwa mwaka 2012 kwa kumegwa kutoka Shinyanga, huku Busega ikitolewa upande wa Mwanza. Tukapita Nyashimo, tukafika Lamadi, pale ambapo Ghuba ya Speke na lango la Ndabaka la kuingilia Serengeti vimekaribiana sana: huku dagaa wameanikwa, huku magari ya watalii yanapita na vumbi lake. Hapo basi likaiacha barabara ya Musoma, likakata kulia. Zimebaki kilomita zaidi ya 70 za lami hadi Bariadi, kupitia Dutwa, katikati ya ardhi nyeusi ya mbuga. Ulikuwa msimu wa kuuza pamba. Mafurushi meupe yalikuwa yamerundikwa nje ya maghala ya AMCOS, vyama vya ushirika vya wakulima, na ng'ombe walikuwa wengi kuliko niliowahi kuwaona mahali pamoja.

Mzee niliyekaa naye, mkulima wa Itilima, aliniuliza nakwenda kwa nani. Nikamwambia nakwenda kwa watu wa maabara, kuona wanavyopima maji ya mgongo ya mtu anayeumwa kichwa. Alinyamaza kidogo.

"Kichwa huku kwetu kina ngazi zake, mwanangu," akasema. "Kwanza ni malaria. Ukimeza mseto kisiache, ni taifodi. Kisipoacha, ni watu."

Hakuwa anatania. Maneno yale niliyaandika palepale ndani ya basi, kwa sababu kila ngazi aliyoitaja inachukua wiki yake: wiki ya zahanati, wiki ya duka la dawa, wiki ya mfumu, mganga wa kienyeji. Na ugonjwa nilioufuata unazihitaji wiki hizohizo ili uue.

Unaletwa na kriptokokasi, fangasi wa jamii ya hamira anayeishi kwenye udongo, kwenye miti inayooza, na hasa kwenye kinyesi cha njiwa kilichokauka. Tunamvuta kwa pumzi, wengi wetu tangu utotoni, na mwili wenye kinga humbana hukohuko mapafuni asifurukute. (Bariadi niliona vibanda vya njiwa nyuani kwa watu, na sikuona sababu ya kumwambia mtu yeyote avibomoe. Udongo uko kila mahali.) Kinga ikishuka, hasa kwa mtu mwenye VVU ambaye chembe zake za kinga za CD4 zimekuwa chini ya 100, fangasi huyu huingia kwenye damu na kupanda hadi kwenye utando wa ubongo. Homa ya uti wa mgongo ya bakteria humwangusha mtu kwa siku moja au mbili. Hii huanza na kichwa cha jioni, kikawa kichwa cha kila siku, kikawa kichwa kisichosikia Panadol, kisha kutapika, kuona vitu viwili viwili, kuongea yasiyoeleweka. Shingo wakati mwingine haikazi hata kidogo. Watafiti wamekadiria kwamba mwaka 2020 watu wenye VVU wapatao 152,000 duniani waliugua homa hii, na 112,000 wakafa, wengi wao wa kusini mwa Sahara. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani (WHO) lilipotoa kwa mara ya kwanza orodha ya fangasi wanaotishia zaidi maisha ya watu, kriptokokasi aliwekwa kundi la juu kabisa.

Hospitali niliyofikia sitaitaja, wala wagonjwa sitawataja, maana niliruhusiwa kukaa na kutazama kwa masharti hayo. Mwenyeji wangu alikuwa mteknolojia wa maabara, dada wa makamo mwenye sauti ya chini. Alinionyesha chumba chake kwa haraka: hadubini mbili karibu na dirisha, sentrifuji ya kuzungushia sampuli, friji ya vitendanishi, na kirafu kidogo chenye chupa ya wino mweusi.

"Kaka, sheria ya hapa ni moja," akaniambia. "Maji ya mgongo hayakai foleni. Damu inasubiri, mkojo utarudiwa. Haya mtu ameyatoa kwa kuchomwa sindano mgongoni. Nikiyaacha yakaharibika, nitamwambia nini?"

Sampuli ya siku ile ilikuwa bado ndani ya mwenyewe. Alikuwa kijana dereva wa bodaboda, aliyeletwa na mama yake na kaka yake kutoka upande wa Meatu, amelala ubavu akiwa ameuficha uso kwenye khanga kwa sababu mwanga ulimuumiza. Alikuwa ameanza dawa za VVU miaka ya nyuma, akaacha alipokwenda kutafuta maisha machimboni. Kichwa kilikuwa kimemshika tangu mwezi uliopita. Tabibu alipotaja kuchoma sindano mgongoni, mama alisimama akamshika mwanawe bega. Kijijini kwao aliwahi kumwona mtu aliyechomwa hivyo, na hakufika nyumbani akiwa hai.

Hofu hii haiko Simiyu tu. Nimeikuta Tanga, na waliofanya utafiti Uganda wameikuta vilevile. Ina mantiki yake, tena nzuri: sindano hii hupigwa wagonjwa mahututi, wengi wao wakiwa wamechelewa, na familia huona sindano, kisha huona kifo. Hawakosei walichokiona. Kilicho nyuma yake ndicho hawajaelezwa.

Tabibu hakuharakisha. Alivuta kiti akakaa chini ya usawa wa macho ya yule mama, akamwita "mayu", yaani mama, akaendelea kwa Kisukuma, na kaka wa mgonjwa akawa ananitafsiria pembeni. Alimwomba anyooshe mkono mgongoni mwake mwenyewe, apapase mifupa ya kiuno. Akamwonyesha mahali sindano inapoingia, chini kabisa, kwenye nafasi kati ya mfupa na mfupa, na akamweleza kwamba uti wenyewe unaishia juu zaidi ya hapo. Hapo chini kuna maji na nyuzi za neva zinazoning'inia, ambazo huipisha sindano. Kisha akasema jambo ambalo naona ndilo lililomgeuza: kwamba maji yamejaa kichwani mwa mwanawe, ndiyo yanayomuuma, na sindano itapima, na papo hapo itayapunguza.

Hilo tabibu hakulibuni kwa ajili ya kumtuliza. Heinrich Quincke, daktari wa Kiel, Ujerumani, aliyeanzisha uchomaji huu mwaka 1891, alikuwa anatafuta njia ya kupunguza maji kwa wagonjwa ambao vichwa vyao vilikuwa vimeelemewa. Kwa kriptokokasi tiba na kipimo vimerudi kuwa kitu kimoja. Fangasi huyu amejifunika ganda nene la sukari, na ganda hilo pamoja na miili yake huziba njia ambazo maji ya ubongo hupitia kurudi kwenye damu. Maji yanaendelea kutengenezwa na hayana pa kutokea. Macho hupofuka, masikio huziba, na wengi hufa kwa shinikizo hilo kabla hata dawa haijaanza kazi.

Mama alikaa. Akasema, kwa Kiswahili, "Basi mchomeni, ila niwepo." Aliruhusiwa kuwepo.

Kijana alikunjwa magoti hadi kifuani. Sindano ilipoingia na tone la kwanza likaonekana, tabibu hakukimbilia kukinga. Aliunganisha mpira mwembamba wa dripu, nesi akausimamisha wima kando ya futi ya kupimia aliyoifunga kwenye nguzo ya dripu. Vipo vipimo maalumu vya kazi hii, lakini mpira na futi hutoa jibu lilelile. Maji yakaanza kupanda ndani ya mpira. Yalipita sentimita 10, yakapita 20, ambapo kwa mtu mzima yangepaswa kuwa yamekwishasimama. Yakapita 25, kiwango ambacho mwongozo unataka maji yapunguzwe. Yalikwenda kusimama kwenye 38, yakipanda na kushuka kidogo kwa kila pumzi ya mgonjwa. Chumba kizima kilikuwa kinautazama mpira ule. Ndipo yakaachiwa yadondoke kwenye vichupa vya maabara, na mengine kwenye kikombe cha vipimo, polepole, hadi shinikizo likashuka karibu nusu.

Kijana alikuwa hajasema neno tangu niingie. Sindano ilipotolewa aliivuta khanga usoni, akafumbua macho, akauliza kwa nini watu ni wengi hivi. Kaka yake aligeukia ukutani. Nimewahi kusoma mara nyingi kwamba kutoa maji hupunguza maumivu mara moja. Kuona kwa macho ni jambo jingine, na tangu siku ile sikubali kabisa mtu akiniambia kuwa kuchoma mgongo ni kipimo tu.

Vichupa tulivikimbiza maabara. Maji yalikuwa meupe, safi, unaweza kusoma gazeti kupitia kwake, na weupe huo umewadanganya wengi. Kwa homa ya bakteria yangekuwa na ukungu wa chembe nyeupe za kinga. Kwa mtu ambaye kinga imekwisha, hakuna askari wa kupeleka. Dada alihesabu chembe kwenye kioo chenye miraba, akakuta chache mno. Mtu asiyeujua ugonjwa huu angeandika "kawaida" na kumrudisha kijana nyumbani.

Sehemu moja ya maji aliiweka kwenye sentrifuji izunguke ili vilivyomo vitue chini. Akamimina ya juu, akachukua tone la masalia kwa pipeti, akaliweka kwenye slaidi. Pembeni yake akaweka tone dogo la wino, akayachanganya kwa ncha, akafunika kwa kioo chembamba akikiinamisha upande mmoja ili hewa isinaswe. Wino ukizidi, alisema, slaidi inakuwa usiku mtupu. Ukipungua, hakuna cha kuona. Alianza na lenzi ndogo, akapita mstari kwa mstari, akabadili lenzi kubwa, akasimama.

"Njoo uone. Usiguse meza."

Nilichokiona kilikuwa anga jeusi lenye mwezi uliovaa duara la mwanga, kisha mwezi mwingine, kisha mitatu pamoja. Punje za wino haziwezi kupenya ganda la fangasi, kwa hiyo kila mmoja amejizungushia uwanja mweupe, na katikati yake uko mwili wake wa mviringo. Dada alinifundisha kutokuwa na haraka. Kiputo cha hewa nacho ni cha mviringo, lakini ukingo wake ni mkali na ndani hakuna kitu. Chembe nyeupe ya damu inaweza kusukuma wino ikaonekana na mzunguko hafifu. "Mtafute anayechipua," aliniambia, nami nikamtafuta hadi nikampata: mkubwa ametoa mdogo ubavuni, hawajaachana, wote wawili ndani ya ganda moja. Nilikuwa namtazama anazaliana ndani ya maji yaliyotoka kwa mtu niliyemwacha wodini saa moja haijapita. Ilinibidi nikae.

Wino huu ni ufundi wa zamani. Una udhaifu wake: fangasi wakiwa wachache, jicho huwapita. Uchunguzi uliofanyika Uganda na Afrika Kusini kwa watu 832 waliodhaniwa kuwa na homa ya uti wa mgongo, na matokeo yake kuchapishwa mwaka 2014, ulionyesha kwamba wino uliwaona wagonjwa 86 kati ya kila 100. Kipimo cha pili kiliwaona 99. Dada alikuwa amekianza tayari wakati mimi nimeinamia hadubini: kikaratasi chembamba, tone la kimiminika chake ndani ya kichupa, mikrolita 40 za maji ya mgongo, kikaratasi kinatumbukizwa, saa ya ukutani inatazamwa kwa dakika 10. Kinakamata vipande vya lile ganda la sukari vinavyoelea kwenye maji au kwenye damu. Kampuni ya IMMY ya mji wa Norman, Oklahoma, ndiyo inayokitengeneza, kwa kutumia kingamwili zilizotokana na kazi ya Thomas Kozel wa Chuo Kikuu cha Nevada, Reno, na Marekani ilikiidhinisha mwaka 2011. Hakihitaji friji, hakihitaji umeme, hakihitaji jicho lililozoea miaka. Dakika zilipotimia mistari ilikuwa miwili.

Nilimuuliza dada kwa nini basi asiutupe wino akategemea kikaratasi peke yake. Alinijibu kwa sababu mbili, na zote naziona nzito. Vikaratasi huisha, na siku vikiisha Bariadi haisimami kuumwa. La pili ni kwamba vipande vya ganda hubaki mwilini miezi mingi hata fangasi akiwa amekufa; mgonjwa aliyepona akirudi na kichwa kipya, kikaratasi kitaonyesha mistari miwili vilevile. Wakati huo jibu la kutegemewa hutoka kwenye kuotesha: maji hupandwa kwenye sahani ya chakula cha fangasi, na siku kadhaa baadaye, kama yuko hai, huota madoa laini ya rangi ya maziwa.

Dawa sitakaa nayo sana, maana sikuifuata, ila msomaji ana haki ya kujua kwamba ipo. Asiyetibiwa hufa, na flukonazoli peke yake, iliyokuwa kimbilio la hospitali nyingi, iliwapoteza karibu nusu ya wagonjwa na wakati mwingine zaidi. Jaribio lililoitwa ACTA, ambalo Dar es Salaam ilishiriki pamoja na Malawi, Zambia na Kameruni, lilithibitisha mwaka 2018 kuwa wiki moja ya amfoterisini B pamoja na flusitosini huokoa wengi zaidi. Mwaka 2022 likaja jibu jepesi zaidi: dozi moja kubwa ya amfoterisini ya liposomu siku ya kwanza, kisha vidonge vya flusitosini na flukonazoli, na WHO ikalifanya kuwa mwongozo. Amfoterisini yenyewe ilipatikana miaka ya 1950 kutoka kwa kijidudu cha udongo wa bonde la Orinoco, Venezuela. Fangasi wa udongo anauawa kwa dawa ya udongo. Kikwazo ni kuifikisha, hasa flusitosini, ambayo kwa miaka mingi haikupatikana kabisa katika nchi nyingi za Afrika. Kijana wa Meatu alianzishiwa tiba jioni ileile, na uchomaji wa pili ukapangwa kesho yake. Safari hii mama ndiye aliyeuulizia.

Kesho yake tabibu alinipeleka CTC, kliniki ya wenye VVU, akisema nikiondoka bila kuona huko nitaandika nusu ya habari. Alikuwa sahihi. Watafiti waliofanya kazi Entebbe, Uganda, walichapisha mwaka 2002 kwamba vipande vya ganda la fangasi huonekana kwenye damu kabla kichwa hakijaanza kuuma, kwa wastani siku 22 kabla. Siku 22! Ndizo zilezile wiki tatu za ngazi za mzee wa Itilima, ila ziko upande wa mgonjwa, hazijaliwa bado. Na nyumbani kwetu ushahidi upo: jaribio la REMSTART la Dar es Salaam na Lusaka, lililoongozwa na Sayoki Mfinanga na wenzake, liliwafuatilia watu 1,999 walioanza dawa za VVU wakiwa na CD4 chini ya 200. Waliopimwa damu kwa kikaratasi hiki na kutembelewa nyumbani wiki za mwanzo walikufa pungufu kwa asilimia 28. Matokeo yalichapishwa mwaka 2015.

Kwa hiyo nasema wazi: kikaratasi hiki kisisubiri hospitali. Kikae kituo cha afya, kwenye droo ileile yenye kipimo cha malaria, na kila mwenye VVU aliyeacha dawa akarudi, au anayeanza akiwa amedhoofu, apimwe damu siku hiyohiyo kabla hajapanda bodaboda kurudi kwake. Barabara ya Mwanza ni nzuri sasa, lakini kichwa chenye shinikizo la 38 hakisafirishwi kwa lami peke yake.

Mwanamke niliyemkuta CTC asubuhi ile alikuwa mkulima wa pamba, amekuja na mtoto mgongoni, haumwi kichwa, hatapiki, anahisi uchovu tu. CD4 zake zilikuwa chini ya 100. Damu iliyobaki kwenye kichupa ikapimwa, mistari ikatoka miwili. Nesi alimkalisha akamweleza kwamba ni lazima maji ya mgongo yaangaliwe hata kama kichwa hakiumi. Alifikiri, akampa dada yake mtoto, akaenda kulala ubavu. Shinikizo lilikuwa 14. Slaidi ya wino ilikuwa nyeusi tupu, na kikaratasi cha maji kikatoa mstari mmoja. Alipewa flukonazoli na tarehe ya kurudi.

"Naweza kuvuna?" aliuliza. "Pamba iko shambani, dada, na wanunuzi wapo sasa hivi."

"Vuna, mayu," nesi alimjibu, akiandika namba yake ya simu nyuma ya kadi. "Kichwa kikigonga hata mara moja, acha pamba palepale, nipigie."